Nani Anashika Mizani? Mazungumzo juu ya Mpira

    

Leo, wasikilizaji wa Masisi na wa kule chini msituni Walikale, mashariki mwa Kongo, tuzungumze juu ya mpira, huu unaotokana na utomvu wa mti. Najua wapo watakaouliza: mpira unatuhusu nini sisi, tunaolima maharagwe na viazi, tunaofuga ng'ombe, tunaochimba madini ya koltani? Subirini kidogo. Pikipiki iliyopanda mlima asubuhi hii kuleta chumvi na sukari, imepanda kwa matairi ya mpira. Chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoteremsha makaa na viazi, magurudumu yake ya mbao yamefungwa ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Mzigo ulio nyuma ya pikipiki umekazwa kwa kamba za tyubu. Uondoe mpira kwa siku moja tu, soko letu halitafunguka.

Na liko jambo la pili. Mpira uliwahi kuja mpaka huku kwetu kwa nguvu, na wazee wetu waliulipia kwa jasho na kwa damu. Nitafika hapo. Lakini kwanza twende mbali, twende Thailand, katika Asia ya Kusini-Mashariki. Hiyo ndiyo nchi inayotoa mpira wa asili mwingi kuliko nchi yoyote duniani, na liko jambo nataka tulitazame huko kabla ya kurudi nyumbani.

Dunia nzima hutoa kama tani milioni 14 za mpira wa asili kwa mwaka. Thailand peke yake hutoa zaidi ya tani milioni 4 na nusu. Yaani karibu theluthi moja ya mpira wote. Msihangaike na tarakimu hizo. Ninachotaka mkishike ni hiki: nani anaulima? Mtu akisikia nchi inalisha dunia mpira, anawaza kampuni kubwa, mashamba yasiyo na mwisho, mzungu juu ya farasi. Thailand si hivyo. Sehemu kubwa kabisa ya mpira wao hutoka kwa wakulima wadogo. Ni familia yenye hekta mbili, hekta tatu, miti imepangwa mistari nyuma ya nyumba.

Na kazi yenyewe ni ya usiku. Saa saba, saa nane za usiku, wakati wengine wamelala, mgema anaamka. Anafunga taa kichwani, kama kijana wetu anayeingia shimo la koltani kule Rubaya, na anaingia shambani. Mkononi ana kisu chenye ncha iliyopinda. Anafika kwenye mti, anachanja gome kwa mshazari, anatoa utepe mwembamba sana. Akichanja kwa kina mno, anaujeruhi mti, na mti uliojeruhiwa hautoi vizuri tena. Akichanja juu juu, utomvu hautoki. Utomvu mweupe kama maziwa unateremka kwenye ule mfereji, unadondoka kikombeni tone kwa tone. Kwa nini usiku? Kwa sababu kukiwa baridi utomvu hutiririka kwa muda mrefu. Jua likichomoza, kidonda cha mti huziba mapema. Anapita mti mmoja baada ya mwingine, mamia ya miti, mpaka alfajiri. Halafu anarudi njia ile ile na ndoo, anakusanya kikombe kimoja kimoja. Nyumbani wanachanganya na tindikali kidogo, utomvu unaganda, wanausukuma kwenye mashine ya kusokota kwa mkono, wanatoa shiti, wanaianika kama nguo. Wengine wanaacha ugande humo humo kikombeni, na wanauza mabonge. Mvua ikinyesha usiku, hakuna kazi. Mti ukipukutisha majani wakati wa kiangazi, hakuna kazi.

Je, mnaona? Ni kazi ngumu. Usingizi wa mgema unaliwa na mti wake. Lakini mti ni wake.

Nasema tena, mti ni wake. Na hata pale ambapo mwenye shamba si yeye anayechanja, kuna desturi inayojulikana ya kugawana: mwenye mti anachukua sehemu yake, mgema anachukua sehemu yake, mara nyingi nusu kwa nusu au sita kwa nne. Kila mmoja anajua hesabu kabla kisu hakijagusa gome.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo penye machozi. Mkulima wa Thailand ana mti, ana ardhi, ana kisu. Bei je? Bei hana. Bei inapangwa katika masoko ya Singapore, Osaka na Shanghai, na inamfikia kwa simu. Mnunuzi mkubwa kuliko wote ni China, kwa sababu China inatengeneza matairi mengi. Viwanda vya China vikichangamka, bei inapanda. Vikilala, bei inalala. Na kuna mpira mwingine usiotoka kwenye mti, unaotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Petroli ikiwa ghali, viwanda vinautaka zaidi mpira wa mti. Ikishuka, mkulima anaona bei yake inashuka nayo, wakati yeye hajui hata hicho kisima cha petroli kiko wapi.

Mwaka 2011, mwanzoni mwa mwaka, kilo moja ya mpira ilifika zaidi ya dola 5. Haikuwahi kutokea. Watu wakajenga nyumba, wakanunua magari kwa mkopo. Na wakafanya lile ambalo kila mkulima wa dunia hii hulifanya bei ikiwa nzuri: wakapanda. Walipanda Thailand, walipanda Vietnam, Laos, Kambodia, kila mahali. Wakakata hata miti ya matunda ili wapande mpira.

Lakini mti wa mpira hauna haraka. Ukipandwa leo, utauchanja baada ya miaka sita au saba. Kwa hiyo miti iliyopandwa kwa furaha ya bei nzuri, ilianza kutoa maziwa wakati furaha imekwisha. Mwaka 2013 wakulima wa kusini mwa Thailand, katika jimbo la Nakhon Si Thammarat, walifunga barabara na reli kuililia serikali juu ya bei. Mwanzoni mwa mwaka 2016 kilo ilikuwa imeshuka mpaka dola moja na kitu. Shamba ni lile lile, jasho ni lile lile, usiku ni ule ule.

Ndugu zangu, je, hadithi hii haifanani na yetu? Nani hapa Masisi aliyekuwa mtu mzima mwaka 2000 na amesahau? Mwaka ule bei ya koltani ilipaa ghafla, kwa sababu viwanda vya simu na vya michezo ya elektroniki vya nchi za mbali viliitaka kwa pupa. Watu waliacha mashamba. Waalimu waliacha shule. Maharagwe yakakosa mikono ya kuyapalilia, na chakula kikapanda bei hapo hapo mlimani. Kisha mwaka 2001 bei ikaanguka, na aliyebaki na deni alibaki nalo. Aliyetuuzia bia na simenti kwa bei ya juu alikuwa ameshaondoka.

Ndivyo bidhaa hizi zilivyo. Inapanda, inashuka, na anayeambiwa mwisho ni yule aliye chini kabisa.

Hapa turudi nyumbani, na turudi nyuma katika miaka. Vijana, nyamazeni kidogo, maana jambo hili wengi wenu hamkulisoma shuleni.

Habari ya kwanza mnaifahamu, ya mfalme Leopold wa Ubelgiji na mpira wa mwanzo, miaka ya 1890 mpaka 1908, wakati nchi hii ilikuwa mali yake binafsi. Wakati huo mpira wa Kongo haukutoka kwenye shamba. Ulitoka kwenye mitambaazi ya msituni. Mtu alilazimishwa kuingia porini, kutafuta mtambaazi, kuukata, kukinga utomvu. Wengine walijipaka utomvu kifuani na mikononi, ukikauka wanaubandua, na nywele za mwili zinatoka nao. Asiyetimiza kilo alizopangiwa, mke wake alishikwa mateka, kijiji kilichomwa. Mateso makali zaidi yalikuwa Ikweta na upande wa Mai-Ndombe. Dunia ilipiga kelele, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Hiyo wengi wanaijua. Ambayo wengi hawaijui ni ya pili, na hiyo ndiyo ya kwetu.

Kati ya Desemba 1941 na Machi 1942, Japani iliteka Malaya, ikateka Singapore, ikateka visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Kwa pigo hilo, Waingereza, Wamarekani na wenzao walipoteza karibu mpira wote waliokuwa wakiutegemea. Na vita haviendi bila mpira: magari, ndege, vyote vinahitaji tairi. Watautoa wapi? Wakaikumbuka Kongo. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imetekwa na Wajerumani, lakini koloni lake lilikuwa bado linapigana upande wa Waingereza. Serikali ya koloni ikaongeza siku za kazi ya lazima, kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka. Na mtu wa msituni, Mkumu wa Walikale na Lubutu, akaambiwa: rudi porini, tafuta mitambaazi ya mpira.

Fikirini. Mji wa Singapore umeanguka, mbali kuvuka bahari yote ya Hindi, na mtu wa Walikale, ambaye hakuwahi kusikia jina hilo, anaondolewa kwenye shamba lake la ndizi na anatumwa msituni kwa wiki nzima. Anarudi na mzigo, mtu mwingine anaupima, mtu mwingine anataja bei. Na ukipungua, kuna kiboko, kuna jela. Ongeza na kazi za migodi ya dhahabu na ya kasiterite, yaani madini ya bati, ongeza na kodi.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 watu walichoka. Katika nchi ya Masisi na Lubutu, na kumbukeni kwamba siku zile teritwari ya Masisi ilijumuisha Walikale, waliinuka wafuasi wa Kitawala, dini iliyosema kwamba mtu mweusi hatakiwi kumtumikia mwingine kama mtumwa. Aliyewaongoza anaitwa Bushiri Lungundu. Walikamata mawakala Wazungu, waliwakamata pia Waafrika waliowatumikia. Serikali ilipeleka jeshi la Force Publique, na wanajeshi waliwaua watu wengi. Bushiri akakamatwa. Wanahistoria wameandika juu ya maasi haya, juu ya dini yake na siasa yake, na mimi sitaki kuyafanya mambo mepesi: mpira haukuwa sababu peke yake. Lakini ulikuwa ndani ya mzigo ule. Nasema tena, ulikuwa ndani ya mzigo ule.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mashamba ya Asia yakafunguliwa tena, na mpira wa porini wa Kongo haukutakiwa tena na mtu. Wazungu waliendelea na mashamba ya mti wenyewe, hevea, katika mikoa ya misitu ya joto upande wa Ikweta na Kisangani, na nchi ilifika miaka ya uhuru ikitoa makumi ya maelfu ya tani. Leo tunatoa kidogo sana.

Sasa ninawauliza: kati ya mgema wa Thailand na babu yetu wa Walikale, tofauti ilikuwa nini? Utomvu ni mweupe kwa wote wawili. Kazi ni ngumu kwa wote wawili. Bei ilipangwa mbali kwa wote wawili. Tofauti, kwa maoni yangu, ni tatu tu, na nitazisema pole pole. Mti ni wa nani? Mizani anaishika nani? Na pesa ya kodi inarudi wapi?

Nikae kidogo kwenye hili la mwisho, kwa sababu mara nyingi halizungumzwi. Mwaka 1960, mwaka ule ule sisi tulipopata uhuru, Thailand iliunda ofisi ya mfuko wa kusaidia kupanda upya mpira. Ilifanya kazi hivi: kila kilo iliyotoka nje ya nchi ilikatwa ushuru mdogo. Ushuru huo haukupotelea mji mkuu. Uliwekwa kwenye mfuko, na mkulima mwenye miti iliyozeeka, isiyotoa maziwa ya kutosha, alipewa miche bora, mbolea na pesa kidogo za kumshikilia ile miaka sita, saba ya kungoja. Kwa njia hiyo, miti ya zamani yenye kutoa kidogo iling'olewa, ikapandwa miti inayotoa mara mbili na zaidi. Mwaka 2015 mfuko ule uliunganishwa na mashirika mengine, ikawa Mamlaka ya Mpira ya Thailand. Kuna malalamiko, wakulima wanaigombeza kila bei ikishuka, na wana haki. Lakini jambo lenyewe lipo: ushuru wa mkulima ulirudi kwa mkulima, na unaweza kuuona kwa macho, umesimama shambani, una majani.

Na sisi? Sisi hatuna mpira, lakini tuna madini. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema wazi kuhusu ile mirabaha inayolipwa kwa serikali: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa sekta au utawala wa mwami, chifu wa mila, ambako mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 kwa mahali penyewe! Wangapi kati yenu mnaonisikiliza mnajua? Umoja wa Mataifa umesema kwamba Rubaya peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mlima unaolisha simu za dunia nzima, na barabara inayoshuka kutoka mlima huo mnaijua hali yake. Mvua ikinyesha, mama mjamzito anabebwa mabegani. Najua hali ya sasa, najua vita, najua kwamba tangu mwaka 2024 Rubaya iko mikononi mwa waasi wa M23 na kwamba anayekusanya ushuru leo si yule aliyetajwa kwenye sheria. Hilo linaumiza. Lakini vita vitakwisha siku moja, na siku hiyo lazima tujue haki yetu imeandikwa wapi.

Twende kwenye jambo lingine, la karatasi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayohusu kakao, kahawa, mawese, soya, mbao, ng'ombe na mpira. Inasema: hatutanunua kitu kilichotoka kwenye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na anayetuuzia atuonyeshe shamba lenyewe liko wapi, kwa vipimo vya satelaiti. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wenye viwanda vya matairi tayari wanajiandaa. Wakulima wa Thailand wenye hati za ardhi wanaweza kusema: shamba langu hili hapa. Wasio na hati wana wasiwasi.

Sisi tumeshaonja sheria kama hiyo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria juu ya madini ya maeneo ya vita. Septemba mwaka huo huo serikali yetu ikafunga uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Baadaye zikaja lebo kwenye magunia, za kuonyesha madini yametoka wapi. Nia ilikuwa nzuri, nakubali. Lakini nani aliyelala njaa miezi ile? Mchimbaji, mbebaji, na mama aliyekuwa anawauzia chakula. Sheria ya mbali humkuta kwanza mtu asiye na karatasi, na ardhi yetu sisi haina karatasi. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa serikali. Mila inasema ardhi iko chini ya mwami. Mkulima wa Kibabi amekaa katikati, analima shamba la babu yake bila hata kipande kimoja cha kumtetea, na kila vita vikipita anarudi na kukuta mtu mwingine ndani.

Sasa nimepata swali ambalo vijana huniuliza: kwa kuwa bei ya mpira ilipanda tena mwaka 2024, je, tupande hevea?

Nitajibu kama ninavyoamini. Kwa huku juu, Masisi, hapana. Mti ule unataka joto na mvua, unataka nchi ya chini. Sehemu nyingi za milima yetu ziko juu ya mita 1,500, kuna baridi, na kuna mvua ya mawe. Utapanda, utangoja, na utapata kuni. Huku juu tuna viazi, maharagwe, maziwa, na fromaji, yaani jibini, ya Masisi inayoliwa mpaka Kinshasa. Hivyo vina mnunuzi wa karibu, Goma, na mkulima anaweza kumtazama mnunuzi usoni.

Kwa kule chini, Walikale, ardhi ingekubali katika mabonde ya joto. Lakini sikilizeni hesabu ya usafiri. Kumbukeni Kilambo. Kuna miaka ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kubeba kasiterite mpaka Goma. Kasiterite ilikuwa na uwezo wa kulipa nauli ya ndege. Mpira hauna uwezo huo. Kilo ya mpira ni dola chache tu hata siku nzuri, na ni mzigo mkubwa, mzito, wenye harufu. Unataka lori, na lori linataka barabara. Barabara ya Bukavu, Hombo, Walikale, Lubutu mpaka Kisangani ikitengenezwa na kuwa salama, nitakuja hapa na maneno mengine. Bila barabara hiyo, anayekuambia upande mpira Walikale anakuuzia miche tu.

Na soko la mbele likoje? Wanaolitazama wanaona mambo mawili yanayovutana. Upande mmoja, Thailand, Malaysia na Indonesia miti yao inazeeka, vijana wao hawataki kuamka saa nane za usiku, na ugonjwa wa kupukutisha majani umeingia mashambani tangu mwaka 2016, ukianzia Indonesia. Hayo yanapunguza mpira. Dunia inaendelea kutaka matairi, hata magari ya umeme ni mazito na yanakula tairi. Hayo yanasukuma bei juu. Upande mwingine, kuna Kodivaa, hapa hapa Afrika, ambayo imepanda kwa kasi mpaka imekuwa ya tatu duniani, zaidi ya tani milioni kwa mwaka, na sehemu kubwa kwa mikono ya wakulima wadogo. Huko, bei ya kilo ambayo mkulima anatakiwa kulipwa hutangazwa kila mwezi. Mnunuzi akija na bei yake ya mfukoni, mkulima anamwambia: bei ya mwezi huu ni hii. Kwa hiyo usitegemee kwamba bei itabaki juu. Itapanda, itashuka, kama ilivyo siku zote, na nafasi ya Afrika katika mpira imeshachukuliwa na waliotangulia kujipanga.

Ila jambo la Kodivaa ninalipenda, na ninataka tulianze hapa bila kungoja serikali wala mfadhili. Bei inayojulikana na wote. Hatuhitaji mti wa mpira kwa hilo. Tunahitaji kuambiana.

Kwa hiyo ninawaomba hivi. Siku ya soko, wewe uliyepo Kibabi, Ngungu au Nyabiondo, tuma ujumbe hapa redioni: mfuko wa maharagwe umeuzwa franga ngapi, mfuko wa viazi ngapi, bonge moja la fromaji ngapi. Taja soko na siku, jina lako si lazima. Nanyi wa Walikale, tutumieni bei ya mawese na ya mchele. Tutazisoma hewani kabla ya kipindi kijacho, soko kwa soko, ili mama anayeteremka na mzigo wake ajue Goma wanalipa nini kabla hajakutana na mnunuzi njiani. Na wazee wa vijiji, wenye mizani ya umma, iwekeni mahali ambapo anayeuza anaweza kuisoma mwenyewe.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kahawa.